Jina Nililolitaja Mbele ya Darasa la Tatu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili msomaji asije akangoja safari. Niliosoma nao walishuka Dar zamani, wana vibanda vya matunda na pikipiki zao, na wakija Idi wananikuta palepale barazani namenya viazi. "Wewe bado upo?" wananiuliza. Nawajibu kwamba lazima mmoja abaki, la sivyo wao wangekuja kujionyesha kwa nani. Nimeshuka Mombo, chini ya milima yetu, mara nne maishani. Mara zote nne masikio yaliziba, nikarudi. Matokeo yangu ya kidato cha nne mama aliyasoma, akayakunja, akayatia kwenye kopo la chumvi. Alisema humo hayataoza.

Kwa hiyo sina mengi ya kusimulia. Ninalo moja, na hilo watu wa kwetu wanalijua, ingawa hawalisemi nikiwepo.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule yetu ya kata, ile iliyojengwa juu kabisa kana kwamba elimu inaogopa mafuriko. Mwalimu wa historia alikuwa mgeni kutoka Pwani. Mwezi wa saba alivaa makoti mawili na soksi za mpira, na bado alifundisha mikono ikiwa makwapani. Siku moja alituuliza nani aliyechonga njia tunayopanda kila asubuhi. Tukatazamana. Tuliwajua Wazungu waliokaa mezani wakaigawa Afrika, lakini njia tuliyoikanyaga dakika ishirini zilizopita hatukujua ni ya nani.

"Aibu," alisema. "Sasa kila mmoja ataenda kwa wazee, aokote habari moja ya hapa kwenu. Halafu mtashuka shule ya msingi, Alhamisi mchana, mkawasimulie darasa la tatu. Mimi nitakaa nyuma na kalamu. Nataka mahali na nataka majina. Historia isiyo na majina ni ngano za sungura na fisi."

Wenzangu wakagawana zilizo nzuri. Mmoja akachukua machifu. Mmoja Wajerumani na barabara. Mmoja wamisionari wa Mlalo. Mmoja, babu yake akiwa shahidi, akachukua ile habari ya Waingereza kuwalazimisha watu wachimbe matuta mpaka watu wakagoma. Mimi nilikuwa na tatizo: kila habari ilikuwa na mzee wake, na kila mzee alikuwa na kilima chake. Nikaamua kutafuta historia isiyozidi hatua arobaini kutoka jikoni kwetu.

Ilikuwepo. Nikisimama mlangoni naiona.

Ng'ambo ya kijito chetu mlima ulikuwa umeshuka. Nilikuwa na miaka tisa siku hiyo, ninakunywa uji. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima bila kupumzika. Nilisikia kama lori linamwaga kokoto, halafu lori la pili, halafu malori yote ya dunia kwa pamoja. Nilipotoka, nyumba tatu za ng'ambo hazikuwepo. Hazikuwa zimebomoka, hazikuwepo tu. Palikuwa na udongo mwekundu unaotoa moshi, na mgomba mmoja umesimama katikati umenyooka, kama umepandwa sasa hivi.

Watu saba walikuwemo. Sita walipatikana. Wa saba hakupatikana.

Huyo wa saba alikuwa mama wa mtoto mmoja, msichana wa miaka miwili, ambaye asubuhi ile alikuwa mgongoni kwa bibi yake wakielekea kliniki kupima uzito. Baba mtu alishateremkia kwenye mkonge Korogwe kabla mtoto hajaota meno, na hakuwahi kutuma hata salamu. Hitma ikasomwa. Mtoto alikula pilau ya hitma ya mama yake, wanawake wakimfuta mafuta kidevuni. Alipoanza kuongea na kuuliza, bibi alimwambia mama yuko Bulwa, anachuma chai.

Bulwa ni mbali. Ni milima ya mashariki: ushuke mpaka chini, uizunguke nchi, upande tena. Kutoka kwetu hakuna aendaye Bulwa kwa matembezi. Bibi akaongeza kwamba huko kwenye chai hakuna mtandao. Basi. Kijiji kizima tukaingia humo bila kuitwa kikao. Mtoto akitumwa chumvi dukani, mwenye duka humuuliza, "Mama hajambo huko?" Mtoto hujibu, "Hajambo." Hata mimi nilimuuliza, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu ni vizuri kumuuliza mtu habari za mama yake.

Nilipomwambia mama habari niliyoichagua, alikuwa anachambua maharage. Alinitajia majina yote, akihesabu kwa maharage, moja moja akiliweka pembeni. Alipofika la saba alilishika mkononi.

"Hili uliruke," alisema.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Mtoto wake yumo humohumo, darasa la tatu. Sema sita, ukae."

Nikasema sawa. Na nilikusudia sawa.

Hapo inabidi nieleze kitu. Kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na baba yake linakwenda kulala. Anakuwa Mama wa yule mtoto wake wa kwanza. Anaitwa hivyo na mumewe, na jirani, na karani wa mbolea, na akifa anazikwa hivyo. Wengi wetu tungeulizwa majina ya kuzaliwa ya shangazi zetu tungetoa macho. Kwa hiyo kumtaja yule wa saba hakukuwa na njia nyingine. Ukimtaja yeye, umemtaja mtoto.

Alhamisi ikafika. Darasa la tatu lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, wengine wamekaa chini ukutani, masweta yamefumuka viwikoni. Mwenzetu wa Wajerumani alianza. Alikuwa amekuja na fimbo, akatembea mguu juu kama askari, akapiga ubao, akasema Mjerumani alikuwa mkali sana. Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Alikuwa anakula nini?"

"Viazi," mwenzetu alisema, baada ya kufikiri.

"Kama sisi?"

"Eeh. Kama nyinyi."

"Sasa ukali alitoa wapi?"

Darasa likacheka, na habari ya Wajerumani ikaishia hapo. Yule wa matuta alimaliza huku watoto wawili wamelala na mmoja anamtafuna mwenzake penseli. Mwalimu wetu nyuma alikuwa amefunga koti mpaka puani, haandiki kitu. Halafu ikawa zamu yangu.

Mimi sijawahi kusikilizwa. Nyumbani nina dada wanne, wote wana sauti. Shuleni nilikuwa yule anayeulizwa swali ili darasa lipumzike. Nilisimama mbele ya ubao, nikaandika *Maporomoko*, nikaanza na mvua. Nikafika kwenye yale malori ya kokoto. Nikaona mtoto wa penseli ameacha kutafuna. Waliolala wameamka. Nikasimulia moshi wa udongo na ule mgomba, na darasa zima likanyamaza. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Macho sabini hivi, yote kwangu. Sikujua kama kuna kitu kitamu namna hiyo.

"Walikuwa watu saba," nikasema. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimejipanga kusema sita. Saba ilitoka yenyewe.

Nikataja majina. Mmoja, wawili, nikafika wa sita, nikaweka chaki.

Mwalimu akanyanyua uso kutoka kwenye koti. "Na wa saba?"

Yeye hakujua. Alikuwa mgeni, na alikuwa anahesabu, ndiyo kazi yake. Ningeweza kusema sikumbuki. Sura ya kutokukumbuka ninayo, nimezaliwa nayo, mwalimu huyohuyo alikuwa ameizoea. Msichana nilimwona. Alikuwa dawati la pili, upande wa dirisha, kidevu juu ya ngumi, ananisikiliza kuliko wote. Sitajidanganya kwamba nilisahau. Ila lile darasa lilikuwa limenyamaza kwa ajili yangu, na nilijua nikisema sikumbuki kimya kile kitavunjika, watarudi kwenye penseli zao, nami nitarudi kuwa mimi.

Nikamtaja. Mama wa fulani. Nikaongeza na nyumba, ya katikati, ili mwalimu aandike vizuri.

Msichana akasimama. Hakulia wala hakukasirika. Alisema kwa adabu, kama anayemsaidia kaka mkubwa aliyekosea hesabu: "Si yeye, kaka. Mama yangu yuko Bulwa."

Nilifungua mdomo. Ningeweza hata pale. Lakini aliyemjibu alikuwa mwenzake wa dawati moja, mtoto wa miaka kumi, akimvuta sketi akae: "Kaa chini wewe. Mama yako yuko kwenye kabichi. Wote tunajua."

Msichana akageuka kuwatazama wenzake. Aliwatazama mmoja mmoja, dawati kwa dawati, na kila aliyetazamwa akainamisha uso. Watoto wa darasa la tatu. Walikuwa wanajua, wametunza, wamecheza naye rede na kumuuliza habari za mama yake kama sisi wakubwa. Kisha akakaa, akafungua daftari, akayaandika majina yote niliyoyataja. Aliandika na la saba. Kalamu yake ilikuwa haitoi wino vizuri, akawa anairudia.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, nayo haina miguu mizito kama mimi. Mama hakuinua macho.

"Umelitaja."

"Mwalimu aliuliza."

"Mwalimu anatoka wapi?"

"Pwani."

"Na wewe unatoka wapi?"

Baba alikuwa nje ananawa miguu. Alisikia yote. Aliendelea kunawa, ule mguu mmoja, maji yakaisha kwenye ndoo na mkono bado unasugua. Makande yake yalipoa kwenye sahani.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, mama alinichukua kwa bibi wa yule mtoto. Tulikwenda na jogoo mmoja na unga kwenye kitenge. Mama alinifundisha njiani la kusema, nikalirudia mara tano, na nilipofika mlangoni nikabaki na shikamoo peke yake.

"Marahaba," bibi alisema. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, mwembamba, mtandio umefungwa kidevuni. Alimwambia mama aweke jogoo pale, sauti ya mtu anayepokea kuni. Kisha akanigeukia.

"Nilikuwa namngoja avunje ungo," alisema. "Siku ya kumfunda ningemwambia na hili, nimmalizie yote siku moja, mimi mwenyewe, mlango umefungwa. Nilishayapanga maneno. Miaka minane nayapanga."

"Nisamehe, bibi."

"Kila Idi nilimnunulia gauni mnadani. Nalifua mara tatu mpaka harufu ya mnada inatoka, nalikunja, nasema limetoka Bulwa. Jana jioni kayatandaza yote kitandani. Yale yaliyombana na lile linalomtosha. Ananiuliza, 'Bibi, hili alinichagulia nani?' Nikamwambia mimi. 'Na hili?' Mimi. Kaenda moja moja mpaka la mwisho, mwanangu. Sikuweza kumwambia hata moja ni la mama yake."

Mama yangu akaanza kulia. Bibi hakulia.

"Sasa sikiliza. Umeanza wewe, utamaliza wewe. Mimi sina nguvu za kuanza katikati. Kesho mpeleke pale. Akikuuliza, mjibu. Usinirudishie mtoto mwenye swali nusu."

Jumamosi nilimchukua. Alikuja na daftari. Nilimwambia halihitajiki, akasema mwalimu wenu alitaka majina na mahali. Alitembea mbele, mimi nyuma, nikijisikia kama ng'ombe anayepelekwa josho.

Lazima niseme habari ya zile kabichi. Udongo ulioshuka, ulipotulia miaka miwili mitatu, ulikuwa laini na mweusi kwa chini, kama umeletwa makusudi. Eneo lile lilikuwa la ukoo wetu. Watu wa nyumba zile walikuwa wamepewa sehemu ya kujenga tu. Baba alianza na karoti pembeni. Mwaka uliofuata akasogea. Hakuna aliyemwambia kitu, ardhi kwetu ni haba, na kila mtu angesogea. Mwaka ninaouzungumzia mimi, kabichi zilikuwa zimefika ulipokuwa uwanja wa nyumba ya katikati. Zilikuwa kubwa. Shule ya msingi ilikuwa inanunua kwetu za chakula cha mchana.

Baba alikuwepo siku hiyo, anapalilia mstari wa juu. Msichana alimwamkia. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Akaendelea kupalilia, lakini jembe lilipunguza.

"Mlango ulikuwa wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha, kwa kukisia. Akaandika.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nakunywa uji."

Akaandika na uji.

"Walichimba?"

"Walichimba. Wanaume wote. Kwa majembe, mabeleshi, wengine kwa sahani."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Wale sita waliwapata siku gani?"

Nikakumbuka. "Wawili siku ya kwanza. Mmoja ya pili. Watatu ya tatu."

Midomo yake ilihesabu. "Kwa hiyo siku ya nne wangempata."

Nilitazama kabichi. Bibi alikuwa amesema nisimrudishe na swali nusu, na huyu alikuwa na maswali mazima tu.

"Nani alisema waache?"

"Wazee," nikasema.

"Mzee yupi? Ulisema historia lazima iwe na majina."

"Si mimi, ni mwalimu…"

"Mzee yupi, kaka?"

Jembe lilikuwa limesimama. Baba aliliegemea, akatushukia mistari miwili, akiruka kabichi kwa uangalifu, na akasimama mbele yake. Alikuwa mtu mrefu. Akachuchumaa mpaka wakalingana.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Kule juu palikuwa na ufa, mkono mzima unaingia. Mvua bado inanyesha. Chini yake nilikuwa na watu arobaini wanachimba, na wao wana watoto. Nikaona na huku chini kutakuwa hakuna mtu hai tena, siku tatu. Nikasema basi, tokeni."

Msichana alitazama juu. Pale juu palikuwa na mlima, miti ya mikaratusi, mbuzi wawili wa mtu.

"Ule ufa ukaanguka?"

Baba alichelewa. Nilimwona anatafuta kama kuna namna nyingine ya kujibu, na mimi, mtoto wake niliyemjua kwa ukali, nilimwombea ajibu uongo.

"Haukuanguka," alisema. "Mpaka leo haujaanguka."

Aliandika hilo pia. Akafunga daftari, akapita katikati ya mistari, akavuka kijito, akaenda kwao. Hakuaga.

Mwalimu wa historia alinipa alama za juu kuliko zote nilizowahi kupata, kwa sababu alikuwa ameshazijaza palepale darasani, kabla msichana hajasimama. Baada ya kusikia yaliyofuata aliacha kutupeleka shule ya msingi. Mwisho wa mwaka akaomba uhamisho, akasema ni baridi. Baba alivuna kabichi zile, akazimwaga kwa ng'ombe wa jirani, akaacha pale pakaota majani. Watu wamekuja mara kadhaa kuomba kulima, amekataa bila kueleza.

Yule msichana amekuwa mtu mzima. Yuko hapahapa, anafundisha chekechea, na mimi ananiamkia kila tukikutana, kwa ukamilifu, mpaka natamani asahau siku moja. Baba hajawahi kuamkiwa naye tena. Kwetu mtoto akipita mtu mzima bila shikamoo, kijiji kizima kinamwita arudi, kinamwuliza kalelewa wapi. Huyu hakuna aliyewahi kumwita arudi, hata bibi yake alipokuwa hai. Anapita mbele ya baraza letu saa tisa akitoka kazini, anatazama mbele, mwendo uleule.

Baba sasa magoti yamekataa, anashinda barazani pamoja nami. Tunamenya viazi, ndiyo ukoo wenyewe. Miaka michache iliyopita nilimsikia kwa mara ya kwanza. Yule msichana alikuwa amepita, hatua kumi hivi mbele yetu, hajasema kitu, na baba akiwa na kisu mkononi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marahaba."

Nikadhani anaanza kuchanganyikiwa. "Baba, hajakuamkia."

"Najua," alisema, na akaniambia nimsogezee kiazi kingine.

Anasema hivyo kila siku, saa tisa.